Migomba Nyuma ya Nyumba ya Kuazima

Tulitoka msituni kwa miguu. Baba alitangulia na sanduku la bati kichwani. Mama alimfuata, mdogo wangu Riziki mgongoni na sufuria mkononi. Mimi nilikuja nyuma na mkeka uliokunjwa, mrefu kunizidi, ambao kila mara ulikwama kwenye matawi ukanivuta kama mtu aliyenishika shati. Kambi tuliyoiacha, upande wa Walikale, ilikuwa ya machimbo ya mawe ya bati. Wazungu wake walikuwa wameondoka na lori la mwisho. Kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa asubuhi kuwaita watu kazini kilining'inia kimya, na posho ya Jumamosi haikutolewa tena. Mama alizaliwa kambini pale pale. Babu yangu naye alikuwa mtu wa machimbo. Maisha yote ya mama chakula kilitoka bohari: mchele, maharage, mafuta ya mawese, samaki wakavu wa makayabo, chumvi. Hata baada ya bohari kufungwa aliendelea kwenda na kikapu chake kila Jumamosi, akasimama mbele ya mlango wenye kufuli, akarudi.

Njia ilikuwa ya matope na magogo yaliyolazwa juu ya mito. Tulilala katika majiko ya watu tusiowajua, tukiwa tumelala upande mmoja kwa sababu upande mwingine ulikuwa wa mbuzi. Baba alikuwa na jambo moja kichwani: kule juu Masisi, karibu na Burungu, alikuwapo mtu aliyewahi kufanya naye kazi machimboni, Papa Ferdinandi, ambaye siku ya kuagana alimwambia, “Siku mukikosa pa kulala, mukuje kwangu.” Watu husema maneno ya namna hiyo wanapoagana. Baba aliyachukua kuwa ahadi, na sisi sote tukatembea juu ya ahadi hiyo.

Siku tulipotoka kwenye miti nilishikwa na hofu. Sikuwa nimewahi kuona anga lote kwa pamoja. Vilima vilikuwa wazi, vimekatwa katwa kwa mashamba, na nilidhani watu wa huko walikuwa wamefanya kosa kubwa wakanyolewa miti yao, kama wafungwa wanavyonyolewa nywele. Asubuhi yake, katika baridi, moshi ulitoka kinywani mwangu. Nikaamini kwamba nilikuwa naungua ndani, nikafunga mdomo wangu mpaka jua lilipopanda, na mama aliponiuliza kitu nilijibu kwa kichwa.

Haya yote yalinirudia juzi Kalemie, sokoni, ambapo kijana alikuwa akikata mikungu ya ndizi kwenye mashina yake na ile harufu ikapanda, harufu ya maji ya mgomba, baridi, chungu kidogo, kama ya chuma kilicholowa. Nimeshapita umri aliokuwa nao baba yangu katika safari ile. Nimeishi Uvira, Kigoma, Kasulu, Mwanza, nikarudi, nikaondoka tena, na popote nilipokaa sikupanda hata kitunguu. Lakini nina tabia moja ambayo wenzangu wa njiani huicheka. Nikipita kijijini nikaona shamba la nyuma ya nyumba lililolimwa vizuri, nasimama. Mara nyingine naingia na kubisha hodi, na mwenyeji akiuliza natafuta nini sina la kumjibu.

Papa Ferdinandi hakukana maneno yake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya zamani ambayo aliivua hata mbele ya watoto. Alitupeleka kwenye nyumba iliyokuwa na mlango umefungwa kwa kamba.

“Ilikuwa ya mudogo wangu,” alisema. “Alienda Uganda, akafia kule. Mulale. Na hii shamba ya nyuma mulime vitu vya musimu moja: maharagi, viazi, mboga. Vitu vya musimu moja, munanisikia?”

“Tunasikia, Papa,” baba alijibu.

Mama aliitikia kwa kichwa. Tulikuwa wageni waliochoka, na mgeni aliyechoka huitikia kila kitu.

Nyuma ya nyumba hapakuwa na shamba. Palikuwa na ukuta wa majani yanayowasha, yaliyopanda hadi kwenye nyasi za paa, na ndani yake panya wakikimbia wakati wa mchana kama watu wenye shughuli. Baba alitengeneza paa. Kisha akasikia kwamba mahali fulani ndani ya msitu, mbali zaidi ya kambi yetu, machimbo yalikuwa yamefunguliwa upya, naye kazi nyingine hakuijua. Asubuhi ya kuondoka alimshika mama bega akaongea polepole, kama mtu anayemwelekeza njia.

“Mubaki hapa. Hata mambo yakiwa mabaya, musihame. Nikirudi nitawatafuta hapa. Pengine pote sipajui.”

Hiyo ndiyo kazi aliyotuachia: kubaki pale. Nilipokuwa mtoto niliona ni kazi nyepesi.

Chakula tulichopewa kilipoanza kwisha, mama aliazima jembe. Alilishika mwishoni kabisa, kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayemwondoa nyoka aliyekufa njiani. Alipiga mara chache, udongo ukamrukia machoni. Mke wa Papa Ferdinandi, Mama Marta, alikuwa amesimama kwenye ua wa matete. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti iliyovuka mabonde.

“Ee, mukuje muone!” aliita. “Mama Posho iko napiga udongo! Mama, udongo ilikukosea nini?”

Jina likashika siku ile ile. Hata watoto walinifuata kisimani wakiimba, “Posho! Posho! Leo ni siku ya posho!” Niligombana nao nikapigwa.

Aliyevuka mfereji kuja upande wetu alikuwa Mama Veronika. Alikuwa jirani yetu wa upande wa pili, mwembamba, na kiko kisicho na tumbaku kinywani. Nyumbani kwake walisema lugha nyingine, tofauti na ile ya akina Papa Ferdinandi. Vilima vile vilikuwa na lugha mbili, watu wote wakilima maharage yale yale na kusali katika kanisa moja, na wazee wa pande zote walizikwa pale. Alimshika mama mkono na kuusukuma chini ya mpini.

“Jembe haikamatwe kule mwisho. Shusha mukono. Uzito yake njo inafanya kazi, weye unaiongoza tu.”

“Nitaweza kweli, dada?”

“Weye uko na mikono, ao umeiazima nayo? Mvua ikikuja, utakuwa unajua.”

Walifyeka pamoja. Chini ya majani yanayowasha ulitokea udongo mweusi, wenye harufu ya mnanaa wa mwitu, na ndani yake vigae vya chungu na kiko kilichovunjika cha yule marehemu, ambacho mama alikifuta akakiweka juu ya mlango. Mama Veronika alimwonyesha jinsi ya kuinua matuta kukata mteremko ili mvua isishushe udongo bondeni. Jioni mama alitia mikono yake katika maji ya vuguvugu, malengelenge yamepasuka, akacheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kambini.

Kisha Mama Marta, licha ya ulimi wake, akatuletea kikapu cha mbegu. Mama alikimwaga kwenye mkeka. Maharage ya bohari siku zote yalikuwa ya rangi moja. Haya yalikuwa meusi, mekundu, ya manjano, meupe yenye madoa, marefu na ya mviringo, yote yamechanganyika. Tulidhani ametuletea makombo yaliyofagiliwa. Hatukulalamika. Tulikaa mchana mzima, mama na mimi, tukayachambua kila rangi mahali pake, na Riziki akipigwa kidoleni kila alipojaribu kusaidia. Tulikuwa tumemaliza, vilima vyetu vidogo vimejipanga vizuri, Mama Marta alipoingia.

“Mungu wangu,” alisema. “Amezitenganisha.”

Akatoka nje akaita. Wanawake walikuja kutoka mashambani na majembe yao wakachungulia mmoja mmoja, kila mmoja akipiga makofi na kujishika kiuno. Mama Veronika alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mama alisimama katikati, uso umewaka, asijue kosa lake. Mwishoni Mama Marta alijifuta macho, akakaa mkekani akayachanganya tena kwa mikono miwili kama mtu anayekanda.

“Sikiliza, mama. Hii nyeusi inavumilia mvua mingi. Hii nyekundu inataka jua. Hii ya manjano iko ndogo, lakini inaiva mbele ya zingine, wakati watoto wanalia njaa. Mwaka hatuijue. Njo maana tunapanda zote pamoja.”

“Kule kwetu zilikuja rangi moja,” mama alisema.

“Kule kwenu kamyo njo ilizibeba. Hapa zinatoka chini.”

Zilitoka. Sitasahau asubuhi ile, migongo midogo ya kijani ikiinua udongo kila mahali, na mama akiwa amechuchumaa kati ya matuta, hajanawa uso, akiogopa kukanyaga. Alijifunza kumwaga majivu juu ya kabichi ili viwavi waondoke, kupandisha maboga kwenye ukuta wa jiko, na kujua kwa kunusa tu mvua ya saa hiyo na mvua ya kesho. Watu walipita kwenye njia wakapunguza mwendo. Siku moja Mama Marta alikuja kuomba majani ya maboga, yeye, mwenye mashamba kilima kizima. Akiwa ameyakumbatia kifuani alisema, “Aksanti, Mama Riziki,” akaenda. Mama alibaki amesimama na kisu mkononi. Jina la Posho halikusikika tena.

Baada ya mavuno ya kwanza Mama Veronika alivuka mfereji na machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwa majani makavu, udongo wa kwake bado uko kwenye mizizi.

“Maharagi unakula, inaisha,” alisema. “Hii inabaki.”

Mama hakuuliza chochote. Kila alichopewa na mkono ule kilikuwa kimeota. Alichimba mashimo kando ya jiko, akatia samadi, akapanda.

Nikiwa mtu mzima ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kila mtoto wa vilima vile alilijua. Mgeni aliyeazimwa udongo hulima kitu cha msimu mmoja. Anayetaka kupanda mgomba hupeleka kwanza mbuzi na pombe kwa mwenye ardhi, mbele ya watu, kwa sababu mgomba hauna mwisho: shina mama likikatwa, mtoto amekwisha simama ubavuni mwake. Aliyepanda mgomba bila kupeleka kitu ametangaza kwamba hatoki, na udongo ni wake. Mama Veronika alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Migomba yake mwenyewe ilipandwa na baba mkwe wake, na mbuzi yule alipelekwa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alimpa mama. Huenda aliona Papa Ferdinandi ni mtu mpole, atafumba macho. Au hakutaka tu jirani aliyemfundisha jembe aje kuchukuliwa na msimu.

Mimi niliichukua migomba ile kwa namna yangu. Nilikuwa nimemchosha mama kwa swali moja, Papa wetu anarudi lini, na siku moja, bila kuinua kichwa kutoka kwenye palizi, alinijibu, “Ndizi hizi zikiiva atakuwa amefika.” Alitaka ninyamaze. Mimi nikawa mlinzi. Niliimwagilia hata siku za mvua. Nilisimama ubavuni mwa ule mkubwa kupima kimo chetu, na uliponipita kichwa nilifurahi, kwa sababu niliona baba yuko njiani na anatembea haraka.

Wakati migomba ikipanda, mambo ya vilimani yalikuwa yakiharibika, lakini mtoto huona mambo hayo kutoka chini. Niliona kwamba kanisani watu wa lugha moja walikuwa wamehamia mabenchi ya kushoto na wale wengine ya kulia, nikadhani padiri amepanga kama alivyopanga wavulana na wasichana katika katekisimu. Niliona moshi mnene kwenye kilima cha mbali nikadhani wanachoma nyasi kabla ya wakati. Niliona watu wengi zaidi wakisimama kwenye ua wetu kutazama shamba. Kwa hilo nilijivuna. Niliwaonyesha ule mgomba mkubwa kwa kidole.

“Hii njo inapita zote,” niliwaambia.

Hawakusifu. Walitazamana wakaenda.

Asubuhi moja hapakuwa na moshi kwenye jiko la Mama Veronika. Walikuwa wameondoka kuelekea misioni ya Mweso na walichoweza kubeba. Kiko chake kilikuwa kwenye jiwe la mfereji, upande wetu. Mchana wanaume walifika na mapanga wakaanza kukata migomba yake, mikungu mibichi ikianguka pamoja na majani yake, na ile harufu ikajaa bonde lote. Nilidhani kuna sherehe, nikakimbilia pale na kikapu. Mwanaume mmoja niliyemjua, aliyekuwa akiimba kanisani, alinipapasa kichwa akaniwekea mkungu mzima.

“Pelekea mama yako,” alisema.

Niliuburuta hadi nyumbani, nikiwa nimejaa furaha. Mama aliutazama. Hakunipiga, hakunigombeza. Aliuinua begani, akavuka mfereji mbele ya wale wanaume wote, akauweka mlangoni kwa Mama Veronika, mlango uliokuwa wazi na nyumba tupu. Kisha akarudi kwenye kabichi zake.

Papa Ferdinandi alikuja baada ya siku chache. Alivua kofia.

“Mama Riziki. Nilisema vitu vya musimu moja.”

“Ulisema, Papa. Sikujua kama mugomba haiko ya musimu moja.”

“Mugomba inakaa kuliko weye na mimi.” Aliizungusha kofia mkononi. “Watu wananiuliza. Nikisema nilikupa ruhusa, wanauliza mbuzi iko wapi. Nikisema sikukupa, wanauliza sababu gani uko bado hapa. Na wanajua mbegu ilitoka kwa nani. Ukate. Ukate weye mwenyewe, muchana, watu waone.”

“Nikikata, nitabaki?”

“Utabaki.”

“Bwana yangu alisema atatukuta hapa.”

“Najua, mama. Njo maana nakuambia ukate.”

Ule mkubwa ulikuwa umetoa moyo wake mwekundu wiki ile ile, na vidole vya kwanza vya ndizi vilikuwa vimeanza kujikunja juu. Mama aliuacha mpaka mwisho. Watu walikuwa wamejipanga kwenye ua wa matete, wanawake wale wale waliocheka maharage. Mama Marta peke yake hakusimama. Alikuwa ameketi mlangoni kwake ametupa mgongo, akipukuchua kitu. Panga lilipofika kwenye mgomba wangu niliukumbatia. Nilipiga kelele kwamba Papa hatafika, kwamba zilikuwa hazijaiva, kwamba yeye mwenyewe alisema. Watu hawakuelewa nasema nini. Mama alielewa. Aliniangalia kama mtu aliyeona maneno yake ya siku moja ya uchovu yamesimama mbele yake.

“Toka, mwanangu,” alisema. “Tukae. Papa atafika tukiwa hapa. Toka.”

Alikata juu ya mikono yangu, na maji yale yakanimwagikia shati. Yalionekana kama maji tu. Kesho yake shati lilikuwa na madoa ya kahawia iliyokolea, na hakuna sabuni wala jivu lililoyatoa. Nililivaa hadi likanibana kwapa.

Tulibaki. Kwa muda watu walipita bila kusimama, na mama akarudia palizi, na msimu wa maharage ukapandwa upya. Kisha mvua ikanyesha kwa wiki nzima. Siku iliyotulia nilitoka nyuma ya jiko, na pale penye visiki nikaona: mikuki ya kijani imejikunja kwa kukaza, mingi kuliko mwanzo, imetoka ardhini kila upande wa kila kisiki. Nilikimbia ndani nikimwita mama. Nilimwambia kwamba Papa anakuja, migomba imefufuka.

Mama alikuja akaona. Akakaa chini matopeni.

“Nilizikata,” alisema. “Nilizikata zote.”

Alikuwa amejifunza kupanda. Kung'oa hakuwa amejifunza. Watu wa ua wote walijua kwamba mgomba usiochimbwa kisiki haujafa, na kila mmoja alidhani mama naye anajua. Mama Marta alifika akiwa na jembe tayari begani; alikuwa ameona kutoka kwake.

“Mama, mugomba haikatwe tu. Inachimbwa mupaka chini. Hakuna mwenye alikuambia?”

“Nani angeniambia, Mama Marta? Mulikuwa wote kwenye lupango, kwenye matete pale, munaangalia.”

Hilo ndilo neno kali pekee nililomsikia mama akilisema katika kilima kile. Mama Marta alishusha jembe akaanza kuchimba. Walichimba pamoja mpaka jioni, wakivuta visiki vyenye mizizi kama kamba na kuvitupa mferejini. Lakini watu walikuwa wamepita njiani tangu asubuhi, wakaona.

Papa Ferdinandi alikuja kesho yake. Safari hii aliivua kofia tangu njiani.

“Wanasema unawachezea. Wanasema ulikata juu, ukaficha chini. Niliwaambia hakujua. Hawakubali kama kuna muntu hajue kitu ya namna ile.” Alitazama udongo. “Mimi niko na watoto, Mama Riziki. Kesho kuna kamyo ya kabichi inashuka Goma. Niliongea na shofere.”

Mama alikuwa ameshika nguzo ya jiko.

“Papa Ferdinandi, sikatae kuondoka. Nyumba ni yako. Lakini bwana yangu akipita hapa, ataona nini? Nyumba imefungwa na kamba, shamba imejaa majani. Ataona kama hatukuwa hapa hata siku moja. Ataendelea na njia.”

Papa Ferdinandi akaenda na kofia yake mkononi.

Asubuhi ya kuondoka mama hakufunga mizigo kwanza. Alikwenda shambani. Maharage yalikuwa kwenye maua, meupe na ya zambarau, yamelowa umande, na yeye alipita tuta kwa tuta akisimamisha mche ulioinama, aking'oa jani hapa na pale, kana kwamba atarudi kuyaona alasiri. Mashimo ya migomba alikuwa ameyafukia na kuyasawazisha kwa mguu. Alikichukua kiko cha marehemu juu ya mlango, akafikiri, akakirudisha. Kile cha Mama Veronika alikifunga kwenye pindo la kitenge.

Lori lilipiga honi barabarani. Mama Marta alikuja na kifurushi cha mbegu, zote zimechanganyika, akakisukuma kifuani mwa mama kwa nguvu kama anayegombana naye.

“Usizitenganishe,” alisema.

Wote wawili walijaribu kucheka. Kisha Mama Marta akamshika mama kiwiko.

“Sikia. Hii shamba haitarudia majani. Mimi njo nitaipalilia. Hata wao waseme nini, mimi ni mwanamuke ya hapa, hakuna atanifukuza. Bwana yako akipita kwenye njia aone pahali panalimwa, ataingia kuuliza. Akiingia, nitamuambia mulienda upande gani.”

Shofere alipiga honi tena. Tulipandishwa juu ya kabichi, Riziki katikati, sanduku la bati miguuni. Nilikuwa nimevaa shati langu la madoa.

Barabara ile inashuka kwanza, kisha inazunguka kilima na kukuonyesha tena, kwa ng'ambo, mahali ulipotoka. Tulipofika ng'ambo nilisimama nikishika ubao wa lori. Niliona paa letu, mfereji, shamba, na katikati ya shamba mwanamke ameinama na jembe. Kwa jinsi nilivyozoea kuamka kila siku na kumkuta pale, akili yangu haikusita. Nilipaza sauti.

“Mama! Angalia, uko bado kule!”

Mama aligeuka akatazama nilikokuwa nikitazama. Alitazama muda mrefu, amekaza macho kama anavyofanya mtu anayekagua kazi.

“Anaanzia katikati,” alisema. “Majani yanaingilia upande wa mufereji. Angeanzia kule.”

Kisha akavuta kitenge usoni, na lori likapinda.